Damu Isianikwe: Mwongozo kwa Wanaoshika Sampuli Bulyaga na Tukuyu

Mwongozo huu unawahusu watu wote ambao kazi yao huwakutanisha na damu hapa Bulyaga na katika mji mzima wa Tukuyu: wataalamu wa maabara, wauguzi, wakunga, wanaotoboa watoto vidole kwa ajili ya upimaji wa usubi, na vijana wa bodaboda wanaobeba sampuli kutoka zahanati kwenda Hospitali ya Wilaya ya Makandana au hadi kwenye gari la Mbeya. Agizo lake kuu ni moja: damu iliyokwisha kutoka mwilini isipigwe na jua, wala isiachwe chini ya taa ya UV. Kwa mtu aliyesomea maabara agizo hili si geni. Kazi ni kulitii siku ambayo mvua imenyesha tangu alfajiri, kadi za damu hazijakauka, na jua limechomoza kwa muda mfupi tu.

Ubaridi wa Tukuyu hudanganya

Mji wetu uko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika latitudo ya nyuzi 9 kusini ya ikweta. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno, ambayo kazini tumezoea kuiita UV, huongezeka kwa asilimia takriban 10, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Shirika hilohilo linaonya kwamba mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Kwa hiyo mtu anayepima ukali wa jua kwa ngozi yake atakosea. Upepo wa Mlima Rungwe unampoza, anavaa sweta saa tano asubuhi, naye anaamini kwamba jua la leo ni dogo. Joto na UV ni vitu viwili tofauti. Sampuli iliyo baridi inaweza kuwa inaharibiwa na mwanga, na boksi la baridi lililoachwa wazi halilindi kitu dhidi ya jua.

UV imegawanywa katika makundi matatu kwa urefu wa mawimbi. UVC, kuanzia nanomita 100 hadi 280, huishia juu angani. Tunakutana nayo kwenye taa za kuua vijidudu peke yake. UVB, 280 hadi 315, hutufikia kwa kiasi kidogo, lakini ndiyo inayounguza ngozi. UVA, 315 hadi 400, ndiyo sehemu kubwa kabisa ya UV inayofika ardhini. Baada ya hapo unaanza mwanga unaoonekana, ukitanguliwa na urujuani na bluu. Bluu si UV, lakini katika mwongozo huu itatajwa mara kadhaa, kwa kuwa baadhi ya madhara ambayo watu hulaumu UV husababishwa na bluu.

Kinachotokea ndani ya protini

Protini za damu ni nyingi: albumini inayobeba dawa, homoni na mafuta, kingamwili zinazoonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na ugonjwa fulani, fibrinojeni na wenzake wanaogandisha damu, himoglobini ndani ya chembe nyekundu, na vimeng'enya mbalimbali ambavyo maabara huvipima ili kujua hali ya ini au misuli. Kila moja imekunjwa kwa umbo lake, na kazi yake inategemea umbo hilo.

Ndani ya protini mna asidi amino chache zinazonasa UV, hasa triptofani na tairosini. Triptofani hunyonya zaidi kwenye nanomita 280, na unyonyaji huo huendelea hadi kuzidi kidogo 300, yaani mahali ambapo UVB ya jua inaanza kutufikia. Nishati ikishanaswa haikai kimya. Triptofani yenyewe inaweza kubadilika kuwa kampaundi nyingine, au ikasukuma elektroni kwenda kwenye madaraja ya salfa yaliyo jirani na kuyavunja. Madaraja hayo ndiyo yanayoshikilia mikunjo. Albumini ya binadamu ina asidi amino 585 na madaraja 17 ya aina hiyo, lakini triptofani ni moja tu. Protini zenye triptofani nyingi zina milango mingi zaidi ya kuingilia madhara. Daraja likivunjika, protini inaanza kukunjuka, inashikana na wenzake, na mara nyingi hairudi ilivyokuwa, kama vile ute wa yai uliopata moto usivyoweza kurudi kuwa ute.

Iko njia ya pili, nayo haihitaji UVB. Ndani ya seramu mna vitu kama riboflavini, bilirubini na porifirini, ambavyo hunyonya UVA na mwanga wa bluu kisha kuipa oksijeni nguvu ya kushambulia. Oksijeni hiyo iliyochangamshwa huharibu triptofani, histidini, methionini na sisteini za protini zilizo karibu. Njia hii ni muhimu kwetu kwa sababu kioo cha kawaida cha dirisha na plastiki ya tyubu nyingi huzuia sehemu kubwa ya UVB, lakini hupitisha UVA nyingi na bluu yote. Anayesema "tyubu imezibwa, na tena iko nyuma ya kioo" amezuia nusu ya hatari.

Kadi za damu za usubi

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa kuwa hakuna kazi ya maabara wilayani kwetu ambamo damu huwa wazi kama hii. Tukuyu ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa miaka mingi kuwa na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wa kwenye mito iendayo kasi, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake hapahapa mjini. Kwa miaka mingi wananchi wamemeza dawa ya ivermectin. Sasa swali ni kama maambukizi yamekatika kiasi cha kuacha kugawa dawa.

Jibu la swali hilo hutafutwa katika protini ya damu. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016, watoto walio chini ya miaka 10 hupimwa kingamwili dhidi ya kipande cha mnyoo wa usubi kiitwacho Ov16, na ili dawa isimamishwe, kiwango cha watoto wenye kingamwili hizo lazima kiwe chini ya asilimia 0.1, yaani chini ya mtoto mmoja kwa kila elfu. Fikiria uzito wa hesabu hiyo. Pale ambapo mtoto mmoja anaweza kugeuza uamuzi, kadi moja iliyoharibika inaweza kuufanya mto wenye maambukizi uonekane safi. Dawa itasimamishwa, na mnyoo utarudi kwa watu ambao wameshaambiwa wamepona.

Damu ya kipimo hiki huchukuliwa kidoleni na kudondoshwa kwenye karatasi ya kuchuja. Wenyewe tunaiita DBS. Lazima ikauke kabla ya kufungwa. Tukuyu ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, na unyevu wa hewa hufanya kadi ichelewe kukauka. Kishawishi cha kuianika kwenye ukingo wa dirisha, juu ya boneti ya gari au kwenye benchi la uwanja wa shule ni kikubwa, na kinatokana na nia njema. Hata hivyo, pale hakuna kioo wala plastiki. UVB inapiga moja kwa moja juu ya utando mwembamba wa kingamwili uliotandazwa kwenye karatasi, na joto la jua linaongeza lake.

Kadi zikaushwe ndani ya chumba, zikilazwa au kupangwa kwenye kishikio bila kugusana, mbali na dirisha linalopokea jua. Ziachwe kwa saa nne angalau. Siku za ukungu zilale hadi kesho yake. Zisipelekwe jikoni wala kwenye jiko la mkaa, maana joto na moshi vina madhara yao. Timu inayokwenda vijijini itenge mapema darasa au ofisi ya kijiji yenye mlango unaofungwa. Jambo hili liwemo kwenye mpango wa safari kama yalivyomo mafuta ya gari. Kadi ikikauka itiwe kwenye mfuko wenye vifuko vya kunyonya unyevu na kadi ndogo ya kuonyesha unyevu. Rangi ya kadi hiyo ikigeuka kutoka bluu kwenda pinki, vifuko vibadilishwe siku hiyohiyo. Halafu mfuko uingie ndani ya bahasha nzito au boksi lisilopitisha mwanga.

Tyubu dirishani

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliyesimamia wodi ya watoto njiti alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wakapate jua. Akabaini kwamba mtoto mwenye manjano alikuwa amepauka sehemu zote zilizopigwa na mwanga, huku pale palipofunikwa na shuka pakibaki na rangi yake. Baadaye tyubu ya damu ya mtoto mwingine ikasahauliwa dirishani kwa saa kadhaa, na ilipopimwa bilirubini yake ilikuwa imeshuka mno. Mwaka 1958 Cremer, Perryman na Richards wa hospitali hiyo walichapisha maelezo ya tiba ya mwanga kwa watoto wachanga. Dunia nzima ikapata tiba. Sisi wa maabara tuna funzo la ziada: kilichotokea kwenye tyubu ile ndicho kinachotokea kwenye yetu.

Bilirubini si protini. Ni zao la himoglobini iliyochakaa, na husafiri kwenye damu ikiwa imeshikwa na albumini. Hunyonya mwanga wa bluu wa nanomita zipatazo 460 na kubadilika umbo. Sampuli ikikaa kwenye jua la moja kwa moja, kipimo kinaweza kushuka hadi nusu ndani ya saa moja. Kwa mfano, mtoto mwenye mikromoli 300 kwa lita anaweza kusomeka 150, na mama akaruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto ambaye ubongo wake uko hatarini. Mashine haitatoa onyo lolote. Itasoma kwa usahihi kile kilichobaki.

Kwa hiyo sampuli ya bilirubini ifungwe kwa foili au karatasi nyeusi mara tu inapotoka mkononi mwa anayeichukua, na ikae gizani hadi inapoingia mashineni. Mtoto akiwa kwenye tiba ya mwanga, taa zizimwe wakati damu inachukuliwa. Tahadhari hiyohiyo ihusu sampuli za kreatini kinase, kimeng'enya kinachopoteza nguvu kikiachwa kwenye mwanga wa mchana, pamoja na vitamini A, folati na porifirini. Kimiminika cha Drabkin cha kupimia himoglobini kikae kwenye chupa yake ya kahawia. Kukihamishia kwenye chupa nyeupe ya maji ni kukiharibu. Vipimo vya haraka vya malaria na VVU vina kingamwili zilizopakwa kwenye utepe, hivyo visifunguliwe kabla ya mteja kufika wala visiachwe kwenye dashibodi ya gari.

Kwa ndugu zetu wa bodaboda maelezo ni mafupi. Tyubu zisibebwe kwenye mfuko wa rambo unaoning'inia kwenye usukani. Ziwe ndani ya kasha lenye kifuniko, na kasha lisifunguliwe njiani. Mkisimama kwa abiria au mafuta, pikipiki ikae kivulini. Mwenye zahanati anayemkabidhi kijana sampuli bila kasha ndiye wa kulaumiwa.

Watoto wa manjano na desturi ya kuota jua

Akina mama na bibi zetu huwatoa vichanga nje wakaote jua, na wapo wahudumu wanaowaambia wafanye hivyo mtoto anapokuwa na manjano. Mama asikemewe kwa desturi hii, kwani mwanga wa jua kweli hupunguza bilirubini. Aelezwe kwa upole kwamba kazi hiyo inafanywa na bluu, wakati UV inayokuja pamoja nayo huunguza ngozi changa na haisaidii lolote. Aelezwe pia kwamba mtoto aliyevuliwa nguo kwenye ubaridi wa Tukuyu hupoteza joto haraka. Huko Lagos, Nigeria, watafiti walijenga mahema yenye utando wa kuchuja UV na joto huku ukipitisha bluu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba jua lililochujwa hivyo halikuzidiwa na taa za hospitali. Lakini watoto hao walikuwa chini ya uangalizi, wakipimwa joto na bilirubini. Kulaza mtoto uani peke yake ni jambo jingine.

Mtoto aliyeanza manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au ambaye viganja na nyayo zimekuwa za njano, au aliyeacha kunyonya na analala mno, apelekwe Makandana bila kusubiri jua la kesho. Kwa ngozi nyeusi tazama macho, fizi, viganja na nyayo.

Mafundi na wasimamizi wa wodi nao wasome hapa kwa makini. Taa za tiba ya mwanga hutoa bluu, si UV. Taa za kuua vijidudu hutoa UVC ya nanomita 254, na baadhi yake hutengenezwa kwa urefu na miguu ileile ya taa ndefu za kawaida, hivyo huingia kwenye soketi bila tabu. Zikiwashwa, nazo huonekana na rangi ya samawati. Kumwekea mtoto taa hiyo ni kumuunguza macho na ngozi. Taa inapoungua, inunuliwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na msimamizi asome maandishi ya taa mwenyewe kabla haijafungwa. Hili lisiachwe kwa fundi peke yake.

Taa za UV maabarani

UVC ya nanomita 254 huua vijidudu hasa kwa kuharibu vinasaba vyao, na hupiga pia protini kwa nguvu kuliko jua lolote. Sampuli iliyofunguliwa au tone la seramu lililosahauliwa ndani ya kabati la usalama taa ikiwashwa usiku halifai tena kwa kipimo cha kimeng'enya au kingamwili. Kabla ya kuwasha, kabati liwe tupu. Taa hizi hazipenyi vumbi wala damu iliyoganda, na hudhoofika kwa umri ingawa bado zinawaka. Kwa hiyo hazichukui nafasi ya kupangusa kwa dawa ya klorini au spiriti ya asilimia 70. Mtumishi asifanye kazi taa ikiwa imewashwa. Macho yaliyopigwa na UVC hayaumi palepale; baada ya saa kadhaa huwasha na kuchoma kama yametiwa mchanga, na aliyepatwa afike kwa daktari wa macho.

Wapo wanaouza huduma ya kusafisha damu kwa mwanga wa UV. Wateja wakiuliza, waelezwe historia. Katika miaka ya 1940 Marekani ilijaribu kuua virusi kwenye plazma ya wachangiaji kwa UV. Homa ya ini iliendelea kuwapata waliopewa plazma hiyo, na katika miaka ya 1950 njia hiyo ikaachwa. Kiwango cha UV cha kuua virusi vyote huharibu pia protini za kugandisha damu. Teknolojia ya sasa inayotumia riboflavini pamoja na UV imepiga hatua: huko Kumasi, Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha maambukizi ya malaria kupitia damu yakishuka kutoka asilimia 22 hadi 4 kwa wagonjwa waliokuwa katika hatari hiyo. Hata hapo sehemu ya protini za kugandisha hupotea, na kazi hufanyika kwa mashine maalumu kwenye benki ya damu, kabla damu haijaingia kwa mgonjwa. Haihusiani na taa ya mtu dukani.

Damu ya kuongezewa

Chupa za damu kutoka kituo cha Mbeya cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Zisipashwe moto kwa kuwekwa dirishani au juani, hata mgonjwa akilalamika baridi; mfunikeni mgonjwa. Joto lisilo sawa hupasua chembe nyekundu, na mwanga hauna faida yoyote pale. Kitanda cha anayeongezewa damu kikiwa kando ya dirisha lenye jua, pazia livutwe.

Jua na damu iliyomo mwilini

Wachuma chai na wakulima wa ndizi na viazi huuliza kama jua la shambani linawaharibia damu. Hapana. UVB karibu yote huishia kwenye tabaka la juu la ngozi, na protini za damu inayozunguka hazifikiwi kwa kiasi cha kutia hofu. Kinachofika kwenye damu ni faida: UVB hutengeneza vitamini D ngozini, na protini maalumu ya damu huichukua na kuisambaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania ulikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini hiyo kwa lita, kiwango ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii. Lakini ngozi na macho huumia, na kwa watu wenye ualbino madhara huwa ni saratani. Wao wapewe kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, na wapangiwe kazi za kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Sampuli ikikosewa

Ajali hutokea. Kadi zimesahauliwa barazani, tyubu imekaa dirishani wakati umeme umekatika na kila mtu anahangaika na jenereta. Jibu la sampuli hiyo lisitolewe kwa matumaini kwamba huenda haikuharibika, kwa kuwa hakuna namna ya kuitazama kwa macho ukajua. Iandikwe kwenye daftari la sampuli zilizokataliwa, pamoja na saa na mahali ilipokuwa. Mgonjwa aombwe radhi na achukuliwe nyingine. Mkuu wa maabara asimwadhibu mtumishi aliyeripoti, maana akimwadhibu, anayefuata atanyamaza, na majibu ya uongo yatatoka yakiwa na muhuri wetu.

Kila zahanati iwe na foili, kasha lenye kifuniko na pazia zito la dirisha kuanzia wiki hii.